Majina ya sehemu za mwili: namna ya kumweleza muganga mahali panapouma



Mathayo na Marko wanaandika kwamba Bwana Yesu alimponya katika sinagogi mtu mwenye mkono uliopooza. Luka anaandika habari hiyohiyo (Luka 6:6), lakini anaongeza neno moja: ulikuwa mkono wa kuume. Marko anasema mama mkwe wa Simoni alikuwa na homa. Luka (4:38) anasema homa ilikuwa kali. Mathayo na Marko wanasema sikio la mtumishi wa kuhani mkuu lilikatwa. Luka, pamoja na Yohana, anasema ni sikio la kuume. Paulo anatuambia kazi ya Luka katika Wakolosai 4:14: alikuwa tabibu. Mtu wa kazi hiyo huuliza: upande gani? kwa kiasi gani?

Maswali hayo ndiyo tunayoulizwa tukifika kituo cha afya, na mara nyingi majibu yetu ni mafupi: "Tumbo inaniuma." "Mishipa inanisumbua." "Moyo inaniuma." Hakuna uongo katika maneno hayo, lakini kila moja linaweza kumaanisha magonjwa manne au matano. Muganga ana foleni ndefu mlangoni, na vituo vyetu vingi havina mashine ya kupiga picha. Kinywa cha mgonjwa, au cha anayemsindikiza, ndicho chombo chake cha kwanza. Na kwetu anayemsindikiza mgonjwa mara nyingi ni mtu wa kanisa: shemasi, mama wa chama cha akina mama, kijana wa kwaya, mke wa mchungaji. Kwa sababu hiyo tumekusanya hapa majina ya msingi ya mwili, kwa Kiswahili, pamoja na mahali kila kimoja kilipo.

Tuseme jambo moja mapema. Kujua jina la mahali si kujua jina la ugonjwa. Orodha hii ni ya kutusaidia kueleza vizuri. Kazi ya kupima na kutoa dawa inabaki kwa muganga.

Kulia ni kulia kwa mgonjwa

Waganga wa nchi zote wanauangalia mwili kwa namna moja: mtu amesimama wima, anatazama mbele, mikono iko chini, viganja vimegeuzwa mbele. Kulia na kushoto ni kwa mgonjwa mwenyewe, si kwa yule anayemtazama. Ukikaa uso kwa uso na mtoto wako, mkono wake wa kulia uko upande wa mkono wako wa kushoto. Anayeeleza kwa ajili ya mtoto au mgonjwa asiyeweza kusema anaweza kukosea hapo. Dawa yake ni rahisi: gusa mahali penyewe kwa kidole kimoja.

"Juu" ni upande wa kichwa na "chini" ni upande wa miguu, hata kama mgonjwa amelala. "Mbele" ni upande wa kifua na tumbo. "Nyuma" ni upande wa mgongo.

Kutoka kilicho kidogo hadi kilicho kikubwa

Sehemu ndogo kabisa iliyo hai katika mwili inaitwa seli. Haionekani kwa macho bila hadubini. Seli nyingi za namna moja zikishikamana hufanya tishu, kama vile nyama ya msuli. Tishu mbalimbali zikifanya kazi pamoja hufanya ogani, kama moyo au figo. Ogani zinazosaidiana hufanya mfumo: mfumo wa damu, wa pumzi, wa chakula, wa mkojo, wa uzazi, wa mifupa na misuli, wa fahamu. Paulo alipowafundisha Wakorintho kwamba mwili mmoja una viungo vingi na hakuna kinachoweza kumkataa mwenzake (1 Wakorintho 12), alisema jambo ambalo muganga yeyote analiona kila siku. Figo zikishindwa, moyo unapata shida. Mapafu yakijaa maji, ubongo unakosa hewa.

Lakini tuangalie neno lenyewe "kiungo". Katika Biblia linataja sehemu yoyote ya mwili. Ukisema hospitalini "viungo vinauma", muganga atafikiri unasema maungio ya mifupa: goti, kiwiko, bega. Kama ni ini, sema ini.

Maneno yanayobeba maana nyingi

Tumbo. Kwetu ni sehemu yote kati ya mbavu na nyonga. Tena ni mfuko unaopokea chakula. Tena ni mimba, tunaposema mama fulani ana tumbo. Ukitaka kusema mfuko wa chakula, sema hivyo, "mfuko wa chakula". Ukitaka kusema tumbo la uzazi, sema "kizazi".

Mshipa. Neno hili ni la hatari zaidi. Watu wanaliita mshipa bomba la damu, uzi wa fahamu, kamba inayofunga msuli kwenye mfupa, hata uvimbe unaotokeza kwenye kinena ambao wengine wanauita ngiri. Hospitalini tutenganishe. Mishipa inayotoa damu moyoni ni ateri. Inayoirudisha moyoni ni vena. Nyuzi zinazopeleka habari za ubongo ni neva, au mishipa ya fahamu. Kamba ya msuli ni kano. Uvimbe wa kinena ni henia. Henia ikigeuka kuwa ngumu, ikiuma sana na kukataa kurudi ndani, utumbo umeweza kubanwa. Hapo si siku ya kungojea.

Moyo. Watu wengi wanaosema "moyo inaniwaka" wanaweka mkono chini ya kidari, kwenye kishimo ambapo mbavu za pande mbili zinakutana. Kiswahili kina jina la mahali hapo: chembe cha moyo. Kuwaka hapo baada ya kula mara nyingi ni habari ya mfuko wa chakula. Moyo wenyewe uko kifuani, katikati ya mapafu mawili, umeelekea kushoto, nao ni kama ukubwa wa ngumi ya mwenyewe. Maumivu yanayobana kifua na kwenda kwenye mkono au taya, pamoja na jasho na pumzi fupi, yapelekwe hospitali mara moja.

Mkono na mguu. Kiswahili kinaita mkono kuanzia begani hadi vidoleni, na mguu kuanzia nyonga hadi ukucha. Kwa hiyo tutaje sehemu: bega, kiwiko, kifundo cha mkono, kiganja, paja, goti, muundi, kifundo cha mguu, kisigino, wayo.

Kichwa na shingo

Ubongo umo ndani ya fuvu, umefunikwa na utando. Utando huo ukishikwa na ugonjwa, mgonjwa anapata homa, kichwa kinauma sana na shingo inakaza. Kutoka ubongoni unashuka uti wa fahamu ndani ya mifupa ya mgongo. Nusu ya kushoto ya ubongo inaongoza upande wa kulia wa mwili, na nusu ya kulia inaongoza upande wa kushoto. Kwa hiyo mtu akiamka mkono na mguu wa kulia vimepooza na mdomo umepinda, shida mara nyingi iko ubongoni upande wa kushoto, kwenye mshipa wa damu ulioziba au kupasuka. Tumesikia mara nyingi ugonjwa huu ukiitwa uchawi, na saa za kwanza, ambazo ndizo za thamani, zikipotea katika kumtafuta mlozi. Tuombe njiani, lakini tuwe njiani.

Shingoni zinapita njia mbili: umio unaopeleka chakula, na bomba la pumzi lililo mbele yake. Hapo mbele pia ipo tezi ya shingo. Mwili ukikosa madini ya joto, tezi hiyo inavimba, kama ilivyojulikana zamani katika kisiwa cha Idjwi. Ndiyo sababu tunahimizwa kununua chumvi yenye madini hayo.

Kifua

Kifua kimezungushiwa mbavu, jozi 12, kwa wanaume na kwa wanawake vilevile. Habari ya Adamu haikupunguza hesabu ya wanawe. Ndani yake yamo moyo na mapafu. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto lina mbili, maana limeuachia moyo nafasi. Chini yao kuna ukuta wa msuli unaotenga kifua na tumbo, unaoshuka tunapovuta pumzi.

Mama anaweza kuhesabu pumzi za mtoto wake kwa dakika 1 nzima, mtoto akiwa ametulia. Wajumbe wa afya wa mtaa, wale tunaowaita RECO, wanatumia hesabu hii: mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka, wa miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi, wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Mtoto mwenye kikohozi na pumzi za haraka, au ambaye kifua kinabonyea chini ya mbavu kila anapovuta hewa, apelekwe upesi. Ukifika na hesabu mkononi, umemsaidia muganga sana.

Tumbo: ligawanye mara nne

Fikiri msalaba unaopita kwenye kitovu, mti mmoja wa kusimama na mmoja wa kulala. Utapata sehemu nne.

Juu kulia, chini ya mbavu, lipo ini, ogani kubwa kuliko zote za ndani; kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo 1 na nusu. Nyongo imejificha chini yake. Ini likiugua, macho yanaweza kugeuka manjano na mkojo kuwa mweusi kama chai.

Juu kushoto upo mfuko wa chakula, na kando yake, chini ya mbavu, wengu, ambalo wengine wanaliita bandama. Maralia ya mara kwa mara inalivimbisha wengu, hasa kwa watoto. Wengu lililovimba linaweza kupasuka kwa pigo au kwa kuanguka. Kwa hiyo mtoto aliyepigwa teke ubavu wa kushoto, akawa mweupe mdomoni na kulegea, asilazwe nyumbani tu.

Chini kulia kipo kidole tumbo, kijimkia kidogo mwanzoni mwa utumbo mpana. Kikishikwa na ugonjwa, maumivu mara nyingi yanaanza karibu na kitovu, kisha yanahamia chini kulia na kukaa hapo, pamoja na homa na kutapika. Tunasihi kwa upendo: mgonjwa wa namna hii asiingizwe dawa za majani kwa njia ya nyuma wala asinyweshwe dawa ya kuharisha kabla ya kupimwa. Kidole tumbo kikipasuka, uchafu unamwagika ndani ya tumbo.

Chini kushoto inapita sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Utumbo mwembamba, wenye urefu wa karibu mita 6 kwa mtu mzima, umejikunja katikati ya tumbo lote. Nyuma ya mfuko wa chakula liko kongosho, linaloongoza sukari ya damu. Na chini kabisa katikati, juu ya mfupa wa kinena, kipo kibofu cha mkojo, na kwa mwanamke kizazi.

Mgongo na mafigo

Akina mama wetu wanaobeba makala, mihogo na maji kwa mgongo wanasema "mafigo inauma". Hata Kifaransa cha mtaani kinachanganya hapo, maana kinaita kiuno kwa jina la figo. Figo ni mbili, nazo ziko nyuma, pande zote mbili za uti wa mgongo, juu ya kiuno, zikigusa mbavu za mwisho. Maumivu ya kiuno yanayozidi ukiinama au kuinua mzigo mara nyingi ni ya misuli na mifupa. Maumivu yaliyo juu zaidi, ubavuni nyuma, yanayoshuka kuelekea kinena, yenye homa au mkojo wa damu, yanaweza kuwa ya figo.

Figo zina heshima katika Maandiko. Mambo ya Walawi sura ya 3 inataja figo mbili na ini katika sadaka ya amani. Katika Zaburi 139:13 neno la Kiebrania ni figo. Biblia ya Kiswahili ya Union Version imeandika mtima. Waebrania waliona figo kuwa makao ya mawazo ya siri, ambayo Mungu peke yake anayachunguza.

Viungo vya uzazi: tusione haya mbele ya muganga

Hapa ndipo watu wetu wanakufa kwa aibu. Msichana anasema "tumbo" kwa sababu mama mkwe amesimama karibu. Mzee anakaa miaka na shida ya mkojo bila kusema. Tunafundishwa katika 1 Wakorintho 12 kwamba viungo vinavyofichwa vinapewa heshima zaidi. Kuviheshimu ni pamoja na kuvitaja vizuri vinapougua.

Kwa mwanamke: uke ni njia ya kuzalia, mlango wa kizazi uko mwisho wake, kizazi ndicho kinachobeba mtoto, mirija miwili inatoka kizazini kwenda kwenye ovari mbili zinazotoa mayai. Mtoto analishwa kwa kitovu kilichoungwa na kondo la nyuma. Mimba ikikaa katika mrija badala ya kizazi, mrija unaweza kupasuka na damu kumwagika ndani bila kuonekana nje. Dalili zake ni siku za mwezi zilizokosekana, maumivu makali chini ya tumbo upande mmoja, na kizunguzungu. Msichana wa namna hii akificha habari ya siku zake, muganga anaweza kutibu minyoo huku yeye anaishiwa damu. Tumpe nafasi ya kusema akiwa peke yake na muganga.

Damu inayotoka nje ya siku za mwezi, au baada ya mama kuacha kuona siku zake, nayo isifichwe, maana mlango wa kizazi unaweza kupata kansa.

Fistula ni tundu kati ya uke na kibofu, au kati ya uke na utumbo wa mwisho. Inaweza kuletwa na uchungu wa uzazi uliokawia mno, au na ukatili ambao nchi yetu imeujua sana. Mkojo au choo kinatoka bila kuzuilika. Si laana, na inatibika kwa kupasuliwa. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 chini ya kanisa la CEPAC, imejulikana ulimwenguni kwa kazi hiyo, na daktari wake Denis Mukwege alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018. Mama anayekaa kiti cha nyuma kabisa kanisani kwa sababu ya harufu anahitaji dada mmoja wa kumwambia habari hii.

Kwa mwanamume: uume, korodani mbili ndani ya mfuko wake, na tezi dume iliyo chini ya kibofu, ikizunguka njia ya mkojo. Tezi hiyo inakua kwa wazee wengi na kubana mkojo. Kwa kijana, maumivu makali ya ghafula ya korodani moja ni jambo la saa chache, si la kungojea asubuhi.

Mifupa

Mtu mzima ana mifupa 206. Uti wa mgongo una pingili 33: za shingo 7, za kifua 12, za kiuno 5, na zile za chini 9 zilizoshikana. Mtu aliyeanguka kutoka kwenye piki au mtini na kulalamika shingo au mgongo asiinuliwe kwa kuvutwa mikono. Abebwe na watu kadhaa juu ya ubao, kichwa, shingo na kiwiliwili vikiwa mstari mmoja.

Kusoma karatasi ya hospitali

Karatasi zetu zinaandikwa kwa Kifaransa. Maneno machache yanafaa kujulikana: cœur ni moyo, poumon ni pafu, foie ni ini, rate ni wengu, rein ni figo, vessie ni kibofu cha mkojo, estomac ni mfuko wa chakula, utérus ni kizazi, os ni mfupa.

Angalieni pia mwisho wa neno. Linaloishia na -ite mara nyingi linasema mahali pamewaka au kuvimba: hépatite ni ini, gastrite ni mfuko wa chakula, appendicite ni kidole tumbo, méningite ni utando wa ubongo. Linaloishia na -algie ni maumivu: lombalgie ni maumivu ya kiuno. Linaloishia na -graphie ni picha au kipimo kinachochorwa. Na linaloishia na -ectomie ni kukata na kuondoa. Appendicectomie ni kuondoa kidole tumbo. Hystérectomie ni kuondoa kizazi, na baada yake mama hatabeba mimba tena. Huenda ndiyo njia pekee ya kumwokoa; hata hivyo anayetia sahihi au kidole gumba kwenye karatasi hiyo ana haki ya kuelezwa neno hilo kwa lugha anayoisikia. Tumuulize daktari kwa adabu: "Mtaondoa nini, na kwa nini?"

Mambo matano ya kuwa nayo kinywani

Kabla ya kuingia kwa muganga, mgonjwa au msindikizaji awe tayari kusema: mahali ni wapi, kwa kidole kimoja; ni upande gani; yalianza lini na yalianzia wapi; yanakuja na nini, kama homa, kutapika, damu au kizunguzungu; na dawa gani zimekwisha kunywewa, hata za majani. Hili la tano tusilifiche, maana dawa iliyofichwa inaweza kugombana na dawa itakayotolewa.

Tunaomba walimu wa ECODIM wawafundishe watoto majina haya, kila jina na mahali pake, kwa kugusa mwili wao wenyewe. Na vyama vya akina mama wayasome pamoja na muuguzi wa karibu, kusudi awasahihishe na kuwaongezea maneno ya kwao. Mungu aliyeumba kila kiungo na awape waganga wetu hekima, na atupe sisi kinywa cha kusema wazi. Amina.